Vitalu vya Vijiti Vyeupe

Chepkoech aliisoma karatasi ya maabara mara ya tatu, akiomba macho yake ndiyo yawe na makosa. Ngano iliyonyunyiziwa mbolea ya urea kwenye majani: protini asilimia kumi na tatu. Ngano isiyonyunyiziwa: asilimia kumi na tatu.

Miaka mitatu ikaota mbawa.

Alikuwa amepanda vitalu ishirini vya ngano ya majira ya baridi kwenye shamba la utafiti nje ya Penrith, Australia. Kumi vilivyotiwa alama ya vijiti vyekundu vilipata urea. Kumi vya vijiti vyeupe viliachwa bila kitu, ili tofauti ionekane. Bila tofauti hakuna shahada, na bila shahada viza ilikuwa inaisha Februari. Profesa wake alishampa pole, kwa ule upole wa Sydney unaokata kuliko kisu: "Sorry, Chep. Hapa hakuna kitu."

Aliilaumu mvua, akailaumu pampu. Aliilaumu hata mizani, maana mfuko wa urea ulikwisha kabla ya wakati, ikabidi aagize mwingine.

Ambaye hakumlaumu kamwe ni Mzee Balagizi, kibarua wa shamba, Mkongo wa Kivu aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka kumi na saba kabla ya kuletwa Australia. Mzee huyu hakujua kula peke yake. Bugali lake, ndiyo ugali wa kwao, hata likiwa la ngumi moja, lilikatwa mara mbili, na nusu ilikuwa ya Chepkoech.

Siku ya kwanza ya kunyunyizia, ni yeye aliyebeba pampu mgongoni. Walipofika kwenye vijiti vyeupe akasimama.

"Na hawa, hawako mu liste?"

Chepkoech alicheka. "Hawamo kwenye orodha, mzee. Hao waache tu."

"Basi ni kama kambini: asiye mu liste hapewi chakula," alisema Balagizi, na yeye hakucheka.

Angemweleza, lakini treni ya Parramatta haimngoji mtu, na zamu yake ya kutunza wazee ilianza saa kumi. Akaondoka. Tangu siku hiyo, kila alipofika asubuhi ya kunyunyizia alimkuta mzee amemtangulia, buti zimelowa umande mpaka juu, chai imeshachemka.

Sasa alikuwa ameketi mlangoni mwa stoo analia waziwazi, karatasi ikiwa mapajani. Balagizi akaja, akakaa kando yake, akafungua bakuli lake.

"Unalilia nini, mama?"

"Ngano, mzee. Zote zimelingana. Za vijiti vyekundu na za vyeupe, zote sawa."

Uso wa mzee ukachanua kwa furaha.

"Zote sawa? Mungu asifiwe! Wale wa vijiti vyeupe niliwalisha mimi, kila siku ya pampu, asubuhi, mbele ya wewe kufika." Akalikata bugali, akampa nusu iliyo kubwa. "Nilijua ni wakubwa walikukataza, binti yangu. Sikutaka wewe ubebe hiyo zambi."