Maji Yanayokula Shaba

Fundi redio hakuwa na bodi hata moja ya kutengeneza siku hiyo, lakini tangu asubuhi alikuwa akihangaika kuyafufua maji yake yanayokula shaba, yale ya kuchorea njia za umeme kwenye bodi.

Yalikuwa yamechoka, meusi kama chai iliyolala. Akatia tindikali kidogo, akaongeza kifuniko cha dawa ya kuoshea vidonda, akatumbukiza mpira wa pampu ya tangi la samaki. Mapovu yakapanda, na taratibu maji yakarudia rangi yake ya kijani. Akayajaribu kwa kipande cha kadi kuukuu ya kompyuta. Shaba ikayeyuka yote, vikabaki vijino vyembamba vya dhahabu, maana dhahabu maji yale hayaiwezi.

Meza yake ilikuwa kwenye kona ambapo zamani mama alikuwa na cherehani, kabla hajaiuza, eti macho yamekwisha.

Enzi hizo cherehani bado ikinguruma, fundi alirudi nyumbani na mshahara wake wa kwanza akamvisha mama bangili mbele ya ukoo mzima. "Dhahabu!" alisema, vigelegele vikapigwa. Ilikuwa shaba iliyong'arishwa. Mshahara wenyewe ulishaishia baa.

Sasa mjukuu wa mama anaolewa, na bangili ndiyo zawadi ambayo bibi atampa. Kesho dada yake fundi angeipeleka kwa sonara ipunguzwe, imkae bibi harusi.

"Ataipima kwanza," dada alisema walipokuwa wakinywa chai. "Siku hizi wanatia mpaka motoni."

"Atie," mama akajibu, huku akitunga uzi kwenye sindano bila miwani. "Ya mwanangu haiogopi moto."

Fundi chai ikampalia.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, naye alijiona ndiye maiti na ndiye mwosha. Akajisemea kuwa kitu kikipotea watu hulia, lakini kikiumbuka hucheka, na kicheko hicho kingemfuata mpaka kaburini. Mama alipokwenda kwa jirani, akafungua sanduku lake, akachukua kifundo cha kitambaa chenye bangili na kukifungulia juu ya beseni la maji yale bila kutazama. Bangili ikazama. Akawasha pampu, akatoka nje, akakaa kizingitini na uso mikononi. Alijichukia. Mwizi huiba cha jirani. Yeye alikuwa akimwibia mama yake furaha aliyomdanganya nayo.

Alasiri akarudi. Maji yalikuwa kijani vilevile, na bangili bado iko chini.

"Yamekufa tena haya!" akafyonza.

Akatupia kipande kingine cha bodi. Shaba ikaanza kuliwa pale pale, mpaka ikabaki plastiki tupu.

Akachukua kijiti, akaiopoa bangili, akaisuuza bombani. Ilikuwa nzima. Ilimeremeta kiganjani mwake, haina hata kovu, kama vile vijino vya dhahabu vya asubuhi.

"Wewe baba!" mama alikuwa amerudi, akaita kutoka barazani. "Ukimaliza mambo yako njoo unisogezee kiti. Nataka nilipinde hili gauni la bibi harusi kwa mkono, jua halijazama."

Fundi akaifunga bangili kitambaani. Akainamisha kichwa kwa aibu. Chini ya meza yake, kwenye saruji, alama za miguu ya cherehani zilikuwa bado hazijafutika.