Kamba ya Semeni

Siku wageni walipokuja kumposa binti yake mkubwa, Mwanakombo aliifungua kamba iliyotoka mlangoni hadi chooni, akaificha uvunguni. Hakutaka wajue kwamba nyumba hii ina mtoto asiyeona.

Walikuwa uani wakinywa chai pale Semeni, kitinda mimba wake, alipojitokeza mlangoni, mkono ukipapasa hewani.

"Mama, kamba yangu iko wapi?"

Wageni wakamgeukia mtoto. Nafsi ikimsuta, Mwanakombo aliinuka, akaileta kamba. Ncha moja akaifunga mlangoni. Ya pili akaenda nayo hadi chooni, akaishika mwenyewe, akaivuta mpaka ikakaza. Wageni wote walikuwa wakimtazama.

Semeni aliishika, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Mama, mbona leo inatetemeka?"