Tone la Rangi ya Kucha

Spika zilipiga ukelele hadi mwimbaji akashusha maiki.

"Fundi, unatutoboa masikio!"

Sikuelewa. Kwenye miksa nilikuwa nimeipandisha sauti kali, kama nifanyavyo miaka tisa sasa. Watu hunisifu kwa sauti tamu, nami huwajibu kwamba siri ni mkono. Leo kilikuwa kimebadilika kitu kimoja tu: mke wangu, ambaye hushinda kule nyuma na nyaya zake, alikwenda kumwona mama yake, na vyombo alivifunga shemeji.

Nikazunguka nyuma mwenyewe. Huko kuna kisanduku kinachogawa sauti: nzito inakwenda spika kubwa, kali inakwenda zile ndogo. Shemeji alikuwa amekipangusa vizuri na kuviweka vitufe vyote katikati.

Ndipo nikaliona. Tone la rangi ya kucha, jekundu, dogo kama punje ya ufuta, pembeni ya kitufe cha spika ndogo. Lilikuwa chini kabisa, karibu na sifuri.

Nikakizungusha kitufe hadi kikalielekea tone. Sauti ikalainika ukumbi mzima.

"Hapo hapo, fundi! Usiguse tena!"

Kumbe miaka yote tisa mimi napandisha, mwenzangu anashusha.

Nikampigia simu. "Mama watoto, hili tone jekundu huku nyuma…"

"Umeliona hilo moja tu," akauliza, "au umeyaona yote?"