Injini Isiyokohoa

Watu walikuwa wameacha zamani kupiga hodi. Nyumba ndiyo iliyosikiliza injini ya anayekuja, ikamtaja jina kabla hajazima gari.

Gari la spoti la Mbwana, alilolifunga turbo kwa mikono yake mwenyewe, lilikohoa miaka ishirini kila lilipokata kona ya nyumbani. Mama yake, Bi Mize, alikuwa amesahau mengi, hata sura ya mwanawe. Lakini akikisikia kikohozi kile tu, huinuka kubandika chai.

Injini ilipoanza kula oili, Mbwana aliing'oa kwa winchi pale gereji kwake ili aifungue yote.

"Rekodi sauti yake kwanza," Kibibi, fundi mwenzake, alimwambia.

"Ya nini? Nyumba nitaipelekea sauti mpya," Mbwana akajibu.

Na kweli, akaituma. Alasiri ya siku injini ilipokamilika, gari liliingia uani laini kama hariri, na nyumba ikatangaza, "Mbwana amefika."

"Umekosea," Bi Mize akaijibu. "Gari la mwanangu hukohoa."

Ufundi wa Mbwana ndio uliomponza. Pistoni kuukuu zilikwisha yeyushwa. Hapakuwa na cha kurudishia kikohozi kile. Mbwana akasimama mlangoni na kuita, kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Hodi!"

"Karibu, baba," mama yake aliitikia kwa upole, akijitanda kanga kichwani. "Keti. Uniwie radhi, sijabandika chai. Namsikilizia mwanangu."