Kwanza Mwambie Mjomba

Kupandisha mzigo, kreni ilipandisha vizuri. Kushusha ndiko ilikokataa katakata. Pande la zege lilikuwa linaning'inia katikati ya karakana tangu asubuhi, na mafundi walikwishajifunza kupita kando bila kutazama juu.

"Ikifanya kazi, sifa ni za chuma," alisema mhandisi wa mitambo, akijipangusa grisi. "Ikigoma, ni programu. Dada Kompyuta, njoo umwone mwanao!"

Dada Kompyuta ndilo jina walilompa. Alisomea kuandika programu za kuendesha mitambo, na ndizo alizoandika. Lakini kwa wahandisi wa kampuni ile kompyuta ni kompyuta tu, hivyo printa ikimeza karatasi aliitwa yeye, na feni ya ofisi ikikoroma aliitwa yeye.

Leo hakutaka kubishana na mtu. Mkuu wa kitengo cha programu alikuwa ameacha kazi, majukumu yake yote yakamwangukia msanidi huyu wa programu bila cheo, na leo mkurugenzi angemtangaza mkuu mpya. Mama alishapiga simu kabla binti hajamaliza chai.

"Wameshakutangaza?"

"Bado, mama."

"Shangazi zako nimeshawaambia."

"Mama!"

"Sasa ningewaficha mpaka lini? Na usivae ile blauzi iliyopauka."

Alikuwa ameivaa.

Akakumbatia kompyuta yake, akaelekea kwenye kona ya Mjomba. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana, ingawa haikuandikwa popote: hupeleki tatizo kwa mkubwa kabla hujamweleza Mjomba, mstari kwa mstari, tangu mwanzo.

Mjomba alikuwa kitini pake, helmeti kichwani, miwani ya kazi usoni, ovaroli imefungwa mpaka shingoni. Zamani alikuwa idara ya usalama. Huko aliwahi kuanguka kutoka juu ya kreni, tena si mara moja, na hakuomba hata siku moja ya mapumziko. Msanidi alipoandika mfumo wa mahudhurio, jina la kwanza aliloliingiza ili kuujaribu lilikuwa la Mjomba, na tangu hapo ripoti zilizopanda ghorofani zilionyesha kwamba Mjomba hajawahi kukosa wala kuchelewa.

"Shikamoo, Mjomba." Akavuta stuli bila kungoja marahaba. "Sikiliza. Mwendeshaji akibonyeza kitufe cha kushusha, programu inauliza kwanza: kuna mtu chini ya mzigo? Inajibiwa hakuna. Sawa? Halafu inauliza: breki imeachia? Breki inasema..."

Akairudia ile mistari kwa kidole.

"Breki haisemi kitu! Inaulizwa na kuhukumiwa papo hapo, haipewi hata nafasi ya kufungua mdomo. Ningeingoja kidogo tu ijibu. Ee Mjomba, mbona umeniacha nihangaike hivi?"

Mjomba alikuwa na utulivu wake uleule.

"Wewe una bahati," alisema fundi umeme, aliyekuwa nyuma yake akingoja zamu, mchoro mkononi. "Mimi jana nilimweleza weee, nikiwalaumu watu wa chuma, kumbe nyaya nimezipishanisha mwenyewe. Aibu tupu."

"Alikucheka?"

"Mjomba? Siri zangu zote anazo yule, na sijazisikia mtaani hata moja."

Msanidi akarekebisha palepale. Mwendeshaji akabonyeza, na lile zege likashuka polepole, likatua sakafuni bila kishindo. Mafundi wakapiga miluzi. Msanidi akainua macho: mkurugenzi alikuwa amesimama ghorofani nyuma ya kioo, kikombe mkononi, akitazama.

Alikuwa mgeni bado, huyo mkurugenzi, na kushuka karakana hakukupenda, maana grisi ilikuwa na tabia ya kumfuata. Alitazama kutoka juu tu, akaamini anaona kila kitu. Mtu wa mwisho kumsahihisha mkutanoni sasa alikuwa bohari, akipanga misumari kwa ukubwa.

Kengele ikalia. Wote wakakusanyika chini ya ngazi. Mkurugenzi akatoka kibarazani, akashika reli.

"Nimekuwa nikiwatazama," alisema. "Nilikuwa namtafuta mtu ambaye wenzake wakikwama, wanamkimbilia yeye. Hapigi soga huyu. Hachezei simu. Simwoni akibishana na yeyote. Leo nimeshuhudia kwa macho yangu: kreni imegoma, mmeenda kwake, kreni imeshusha."

Fundi umeme akampiga Dada Kompyuta kiwiko. Dada Kompyuta akaivuta blauzi yake vizuri.

"Mkuu mpya wa kitengo cha programu ni Mjomba."

Mhandisi wa mitambo akafungua mdomo, akaikumbuka bohari, akaufunga.

"Nimeona hata kwenye ripoti mmemwandika Mjomba," mkurugenzi aliendelea. "Hiyo ndiyo heshima. Hongera sana, Mjomba!"

Kimya.

"Mnaona? Hana makuu. Jifunzeni." Akapiga makofi peke yake. "Ofisi yake iko tayari huku juu. Apande sasa hivi." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Dada Kompyuta akamshika Mjomba miguu, fundi umeme akamshika makwapa, wakaanza kupanda. Kwenye kona ya ngazi hakupita, ikabidi mhandisi wa mitambo alete spana wamfungue kichwa chake cha plastiki.