Mwasumini Usiochanua

Kulipokucha, mwasumini ulikuwa kipara tena. Majani yote yalikuwepo, mabichi, yana umande. Vitumba vya maua ndivyo havikuwepo, hata kimoja.

"Mbuzi gani huyo," aliuliza mshonaji wa nyumba ya pili, akichungulia juu ya ukuta, "anayekula maua akaacha majani? Huyo mbuzi kasoma!"

Muuza maua hakucheka. Alisema ni wadudu, akaaga, akaingia ndani na kufunga mlango. Siku hizi majirani aliongea nao huko huko nje, tena kwa ufupi.

Mwasumini ule haukuwa wa kuuza. Mumewe aliupanda kwa mkono wake chini ya dirisha la mama yake, kabla ya kuondoka kwenda kufanya kazi mgodini, mbali sana. Mama alikuwa haoni tena, basi mwanawe akamshikisha mche, akamwambia: "Usihesabu miezi, mama. Ukisikia harufu ya maua haya, ujue nipo njiani."

Watu husema maneno, jamani! Mama akayashika kama yalivyo. Asubuhi, kabla hata ya kuulizia chai, swali lilikuwa lile lile: "Umechanua?" Na jioni alijikokota mpaka uani, akaupapasa jani kwa jani.

"Bado, mama."

"Na yeye? Amepiga simu?"

"Mtandao wa huko si unaujua, mama."

Kulikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi muuza maua. Baba mkwe alipofariki, mama huyu alifunga mdomo. Uji hataki, maji hataki. Walimrudisha kwa vijiko, mwanawe akimbembeleza kama mtoto mchanga, na alipopata nguvu alisema wazi: "Nimebaki kwa ajili ya huyu. Siku huyu asipokuwepo, msinisumbue na vijiko vyenu." Hakuwa anatania. Na sasa alikuwa mifupa na ngozi, anaishi kwa kungoja tu.

Basi mkwe akapambana. Asubuhi nanasi, akalisaga na tangawizi nyingi hata macho yakawasha, akachuja, akamnywesha. Mchana pasheni. Jioni mchaichai uliochemshwa mpaka nyumba nzima ikanukia. Alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi yaliyolala na karafuu, akampaka utomvu wa shubiri kwenye viganja vilivyopasuka, akamalizia na tone la karafuu chini ya pua.

"La mafua, mama."

"Mafua gani hayo mwaka mzima?" mama aliguna. "Kwa viungo hivi, siku nikifa mtanichemsha tu."

"Usiseme hivyo, mama. Tafadhali." Naye akageuka upande, kana kwamba mama angeweza kumwona uso.

Dukani nako mambo yalibadilika. Aliacha kuleta maua yenye harufu, eti yanamuumiza kichwa. Waliotaka ya kunukia waliambiwa wajaribu kwingine. Ndoo zikajaa maua mazuri ya macho tu, biashara ikayumba, wala hakujali. Akili yake yote ilikuwa kwenye kichaka kimoja.

Kazi ya maua aliijua vizuri. Mwasumini ukinyolewa vitumba haukubali kushindwa, unatoa vingine, tena zaidi ya vile vya kwanza. Kwa hiyo kila msimu wa mvua ulipoanza, alfajiri ilimkuta uani, akiinua tawi baada ya tawi, akitafuta kitumba kilichonona, kile ambacho jioni kitafunguka.

Mvua kubwa ikaja, ikanyesha kutwa kucha. Alfajiri yake alitoka akakuta kichaka cheupe kila ncha. Vitumba vimevimba chungu nzima, vingine vimepanda mpaka juu ya dirisha ambako mkono haufiki. Alisimama pale ameloa chapachapa, machozi na manyunyu vikishuka pamoja.

"Mungu wangu, nisaidie leo," alinong'ona. "Leo tu."

Alipoingia chumbani na glasi ya nanasi, jua lilikuwa limeshapanda. Mama alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza dirishani.

"Umechelewa leo."

"Nisamehe, mama. Mvua."

"Umechanua?"

"Hapana, mama. Wadudu tena."

Mama aliipokea glasi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akapapasa hewani mpaka akakipata kiganja cha mkwewe, akakivuta puani, akakinusa taratibu. Kisha hakukiachia.

"Wadudu hao," alisema, "kila wakila, vidole vyako ndivyo vinavyonukia asumini. Kesho uache uchanue, mwanangu, tumlilie mume wako. Juisi nitakunywa."