Kovu la Goti

Mama Mapendo alifungua fundo la kitenge chake, akalifunga, akalifungua tena. Mezani palikuwa na simu, na kwenye simu msichana aliyepatikana kambi nyingine ya wakimbizi, anayesema yeye ndiye Mapendo, binti aliyepotea.

"Muulize jambo mnalolijua nyinyi wawili tu," alisema Tausi, afisa wa ustawi wa jamii.

"Mwanangu, kovu la goti ulilipata wapi?"

Msichana alisita. "Nilianguka kisimani, mama."

Tausi akatazama faili. Humo mama mwenyewe alikuwa ameeleza kuwa Mapendo aliunguzwa goti na uji.

"Ndiye," mama akasema upesi.

"Lakini mama, uliniambia ni uji…" Tausi akanong'ona.

"Nimesema ndiye. Andika, dada! Nani mwingine atamwitikia?"

Kalamu ya Tausi ilisimama juu ya fomu.

"Mama," msichana aliuliza, "bado upo?"